Mwendo wa Mama Mkwe

Siku fundi wa vitasa alipoitwa ghorofa ya tano, lifti ya jengo lile ilikuwa mbovu. Aliyempigia simu ni mpangaji mmoja aliyetoka kuweka taka nje akiwa amejifunga taulo, upepo ukambamizia mlango nyuma yake. "Fundi, fanya hima," alisema kwa simu ya jirani. "Nimesimama hapa kama sanamu."

Fundi alipanda na begi lake la vifaa. Ghorofa mbili za mwanzo alipanda vizuri. Ya tatu alishika ukuta. Ya nne alitua begi. Alipofika ya tano moyo ulikuwa ukimdunda mpaka masikioni, jasho linamchuruzika, na mikono inamtetemeka hata akashindwa kuingiza waya kwenye tundu la kitasa. Mwenye taulo alimtazama, akaenda kwa jirani akaleta kiti, akamkalisha, akaokota kipande cha boksi akaanza kumpepea. Wapangaji waliopita pale walimkuta mtu wa taulo akimpepea mtu aliyevaa shati na viatu. Walisalimia kwa adabu, wakaendelea na safari zao. Mlango ulifunguliwa baada ya robo saa. Fundi alikuwa na miaka arobaini na saba.

Nyumbani hakusema kitu, lakini habari ya namna hiyo hailali njiani. Kesho yake asubuhi mkewe alikuwa anaijua yote, pamoja na rangi ya taulo, na mchana wake wakawa wameketi mbele ya tabibu.

Tabibu alimpima presha mara mbili, akamsikiliza kifua, akampeleka chumba cha pili akafungwa nyaya za kupimia moyo. Majibu yaliporudi aliyasoma polepole.

"Moyo wako hauna ugonjwa," alisema. "Presha imepanda, siyo ya kutisha, lakini imepanda. Kazi yako ni ipi?"

"Nachonga funguo. Natengeneza na vitasa."

"Kwa kukaa au kusimama?"

"Kukaa."

"Na kazini unafikaje?"

"Kwa basi."

"Kutoka kituoni mpaka kazini?"

"Kituo kiko mbele ya kibanda changu."

Tabibu aliweka kalamu chini. "Kwa hiyo miguu yako iko likizo mwaka mzima." Kisha akamweleza. Hatampa dawa bado. Atampa miezi mitatu. Atembee kwa kasi, siku tano kwa wiki. Aanze na dakika kumi tu, aongeze kidogo kidogo mpaka zifike thelathini. Dakika chache za mwanzo aende taratibu ili mwili upate joto, na za mwisho vilevile, asisimame ghafla. Kichwa juu, mikono iende na miguu, kisigino kitangulie kukanyaga.

"Na kasi nitaijuaje?" fundi aliuliza. "Sina saa ya kupima."

"Huhitaji saa. Tembea kama mtu aliyechelewa lakini bado ana matumaini. Uweze kuzungumza, usiweze kuimba. Ukiona unaweza kuimba, umezembea. Ukiona huwezi hata kuzungumza, umezidisha. Na kifua kikikubana au kizunguzungu kikikushika, simama, uje hapa."

Njiani kurudi mkewe alikuwa kimya, na fundi alimjua mkewe: akinyamaza hivyo, anapanga. Yeye alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli na alikuwa akitoka saa mbili usiku, kwa hiyo kutembea naye isingewezekana.

"Kuzungumza lazima uwe na mtu," alisema hatimaye. "Utatembea na mama."



Mama mkwe alikuwa nyumbani kwao tangu miezi miwili nyuma, katika chumba cha binti yao aliyekuwa shule ya bweni. Nimonia ilimlaza. Alikuwa akiishi peke yake, na binti yake alipokwenda kumtazama baada ya simu kutopokewa siku mbili, alimkuta kitandani anaweweseka kwa homa, midomo imekauka, simu imeanguka chini asipoweza kuifikia. Sasa alikuwa amepona, ila mapafu yalikuwa bado mazito, na yeye pia aliambiwa atembee. Alikuwa na miaka sitini na nane. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mpiga chapa wa mahakama, na mpaka leo akikusikiliza vidole vyake hucheza kidogo juu ya goti, kana kwamba maneno yako yanaingia kwenye faili.

Fundi alimwogopa. Siku alipokwenda kuposa, wengine wote walimwuliza mengi, yeye alimwuliza moja tu: "Na watu wakiacha kutumia vitasa?" Hakuwa na jibu. Miaka kumi na tisa ilipita, wakaheshimiana kwa mbali, shikamoo na marahaba, karibu chakula, asante nimeshiba.

Jumatatu saa kumi na moja jioni alimkuta mlangoni amevaa raba nyeupe na amejifunga kitambaa kichwani, tayari. Wakatoka. Fundi, kwa heshima na kwa kukosa la kusema, alitangulia hatua kumi mbele. Mama mkwe alifuata nyuma, naye akakaza mwendo asiachwe. Fundi aliposikia hatua zinakaribia, akakaza zaidi. Walipofika penye duka la vipuri, mlinzi wa pale alisimama kutoka kwenye benchi lake.

"Mama," alimwuliza, "huyo bwana kakuibia?"

"Hapana, baba. Kaniolea—" pumzi zikamkatika. "Nimemwoza binti."

Mlinzi alifikiri. "Basi huna haja ya kumkimbiza. Atarudi tu nyumbani."

Fundi aliyasikia yote. Alisimama akamngoja, na kuanzia hapo wakaenda sambamba. Dakika kumi zilipoisha wote wawili walikuwa wanahema, na hakuna aliyekuwa amesema neno.

"Tumekosea," mama mkwe alisema wakiwa getini. "Tabibu alisema tuzungumze. Tusipozungumza tutajuaje kama tumezidisha?"

"Ni kweli, mama."

"Basi kesho uje na maneno."

Kesho yake fundi alikuja na maneno: hali ya hewa. Yaliisha kabla ya kufika kona ya kwanza. Ndipo mama mkwe akaanza kumsimulia kesi. Alikuwa nazo nyingi kama mchanga, na alizisimulia bila majina, kama alivyozizoea: mlalamikaji, mlalamikiwa, shahidi wa pili. Kulikuwa na ya majirani wawili walioshtakiana kwa sababu ya kivuli cha ukuta. Kulikuwa na ya bwana aliyekana kuwa anamjua mke wake, akaumbuliwa na kuku. Akifika penye utamu husita ili avute pumzi, na fundi humwuliza, "Ikawaje, mama?" naye hujibu, "Ngoja tupande kwanza hiki kimlima." Fundi akajikuta anapanda.

Wiki ya pili alijitia ujabari. Aliona dakika kumi na tano ni za watoto, akaenda peke yake asubuhi saa nzima, mbio nusu, mwendo nusu. Jioni miguu ilimwuma mbele, chini ya magoti, hata kushuka kitandani ikawa kesi. Siku ya kwanza hakutoka, ya pili hakutoka, na ya tatu alikwisha kujiambia kwamba mambo haya ni ya watu wasio na kazi. Saa kumi na moja aliinua macho kutoka kwenye mashine yake ya kuchongea na kumwona mama mkwe amesimama mbele ya kibanda na raba zake.

"Mama, umefikaje hapa?"

"Kwa miguu. Polepole. Nimepumzika mara mbili." Akaketi kwenye kiti cha wateja, akatazama funguo zilizoning'inia. "Mteja akileta kitasa kilichokwama, unafanyaje? Unakigonga nyundo?"

"Hapana. Ukikilazimisha unavunja ulimi wa ndani. Unatia mafuta, unakitikisa kidogo kidogo."

"Ahaa," alisema mama mkwe, akainuka.

Wakarudi nyumbani pamoja, taratibu, fundi akichechemea. Wiki hiyo walirudi dakika kumi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa utaratibu. Dakika kumi na mbili, kumi na tano, ishirini. Fundi alishuka basi kituo kimoja kabla, halafu viwili. Mkanda wa suruali ulirudi tundu moja. Na jambo ambalo hakulitarajia: alianza naye kuzungumza. Alimweleza mama mkwe habari za milango, na za watu wanaobadilisha kitasa kila mwaka kwa kumwogopa mtu aliyekwisha kufa. Alimweleza hata kwamba lile swali la siku ya posa bado hajalipatia jibu.

"Swali gani?" mama mkwe aliuliza. Alikuwa amelisahau kabisa. Fundi alipomkumbusha alicheka mpaka ikabidi wapunguze mwendo. "Mwanangu, nilikuwa natafuta tu cha kusema. Wenzangu walikuwa wamemaliza maswali yote mazuri."

Wiki ya saba fundi aligundua kuwa njia imebadilika. Kila siku mama mkwe alikuwa akikata kushoto mbele kidogo ya jana: kwanza penye kiwanda cha matofali, halafu penye shule, halafu ng'ambo ya daraja. Siku moja walisimama mbele ya jengo la ghorofa tatu lenye kuta za kijivu. Fundi alilijua. Ni yeye aliyetia kitasa cha mlango wa juu kabisa.

"Hapa ni kwako, mama."

"Najua ni kwangu. Nisubiri hapa."

Akaingia. Fundi alisikia hatua zake zikipanda, zikatulia, zikapanda, zikatulia kwa muda mrefu, kisha zikaanza kushuka. Alitoka akipangusa uso kwa ncha ya kitambaa.

"Vidato ni sitini na nne," alisema. "Leo nimefika thelathini na nane. Tafadhali, binti yangu asijue."

"Kwa nini, mama?"

"Akijua atanikataza kabla sijamaliza. Nataka kurudi kwangu, mwanangu. Kwenu mnanipenda, sina malalamiko. Lakini pale mimi ni mgonjwa. Nikiinua sufuria, ananipokea. Nikikohoa, taa inawashwa. Nimelea watoto wawili na kupiga chapa hukumu za majambazi. Siwezi kumaliza siku zangu nikiomba ruhusa ya kwenda chooni."

Siri ya mama mkwe ni mzigo mtu asioweza kuutua popote. Kila siku alikuwa akirudi nyumbani, mkewe akimwuliza, "Mmefika wapi leo?" naye akijibu, "Huko huko," na kuinamia sahani yake. Huku vidato vikawa arobaini na tano. Vikawa hamsini na mbili.

Jumatano moja mkewe alikaa pembeni yake sebuleni, mama yake akiwa amelala, akasema kwa sauti ya chini, "Nimezungumza na kaka. Amepata mpangaji wa ile nyumba ya mama, mtu mtulivu, wa ofisini. Vyombo tutavileta hapa. Jumamosi uende ukabadilishe kitasa."

"Mama anajua?"

"Tutamwambia taratibu. Ukimwambia sasa atakataa."

"Ndiyo maana ya kumwambia mtu, mke wangu. Ili kama anakataa, akatae."

Mkewe alimgeukia. "Wewe hukumkuta kama nilivyomkuta mimi. Alikuwa ananiita kwa jina la bibi yangu. Siku mbili amelala vile, na mimi niko kazini nakunja mashuka ya watu. Unataka yarudi?"

Fundi alijua maumivu yale yalikuwa ya kweli. Usiku mwingine mkewe alikuwa akiinuka kwenda kusikiliza mlangoni kama mama yake anapumua. Lakini alifikiri pia juu ya vidato hamsini na viwili.

"Mimi kazi yangu ina sheria moja," alisema. "Sibadilishi kitasa cha mlango mpaka mwenye mlango aniambie mwenyewe. Hata angekuwa nani. Na kwa mama sitaanza kuivunja."

"Kwa hiyo unaungana naye."

"Jumamosi huendi kazini. Njoo utembee na sisi. Ukishaona, useme unalotaka. Nikikosea, nitamwomba mama radhi na wewe pia."

Mkewe alikwenda kulala, na kwa siku mbili zilizofuata alimpa chai bila kumtazama. Hata hivyo Jumamosi asubuhi alivaa viatu vyake vya kazini akatoka nao.

Alidhani atakuwa anawangoja. Mwanamke anayesukuma mikokoteni ya mashuka mabichi kutwa hawezi kushindwa na mgonjwa. Lakini kubeba ni jambo moja na mwendo ni jambo jingine. Dakika kumi za mwanzo alikuwa mbele yao. Kufika kiwanda cha matofali walikuwa sambamba. Darajani alikuwa nyuma hatua tano, mkono kiunoni.

"Zungumza," mama yake alimwambia bila kugeuka. "Usipoweza kuzungumza, umezidisha."

"Naz... naweza."

"Basi tuambie kuhusu huyo mpangaji."

Mke wa fundi alisimama. Fundi naye alisimama, akainua mikono kuonyesha kwamba si yeye. Hakuwa yeye.

"Kuta za nyumba yenu ni nyembamba," mama mkwe alisema. "Twendeni, tusipoe."

Mbele ya jengo la kijivu mama mkwe hakumwambia mtu amsubiri. Aliweka mkono kwenye chuma cha ngazi akaanza. Walimfuata, binti nyuma yake kabisa, mikono ameitanguliza mbele kama anayetaka kudaka kitu. Alipumzika mara moja, kwenye kidato cha arobaini, akitazama dirishani kama mtu anayengoja basi. Kisha akamaliza. Alifungua mlango kwa mkono wake mwenyewe, akafungua madirisha, akaweka birika jikoni.

Mkewe alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Alilia kidogo, kimya kimya, akajipangusa. Mama yake alimletea maji.

"Najua unaogopa," alimwambia. "Na mimi naogopa. Sijasema nitarudi kama nilivyokuwa. Niwekee masharti, nitayasikia."

Wakakaa mezani wakayapanga, mama na binti, na mama akayaandika kwenye karatasi kwa vipengele, kama alivyozoea. Atapiga simu kila asubuhi kabla ya saa moja. Simu italala kitandani naye, siyo mezani. Jirani wa ghorofa ya pili, mama mtu mzima aliyefiwa na mumewe, atapewa ufunguo mmoja, na binti ataushika mwingine. Akipata homa hata ndogo, ataletwa bila mjadala. Kipengele hicho walibishana kuhusu neno "ndogo" kwa muda mrefu kuliko vingine vyote. Shemeji aliyempata mpangaji alipigiwa simu, akalalamika kwamba atamwambia nini mpangaji wake. Dada yake akamjibu kwamba amwambie nyumba ina mwenyewe.

Mama mkwe alihama wiki mbili baadaye. Fundi alibeba masanduku yake juu, sitini na nne kwenda, sitini na nne kurudi, mara nne. Alipumzika, ndiyo, lakini hakuna aliyemletea kiti.

Miezi mitatu ilipotimia alikwenda kwa tabibu. Presha ilikuwa imeshuka. Haikufika pale tabibu alipotaka hasa, lakini ilishuka vya kutosha dawa zisubiri tena. "Usiache," tabibu alisema. "Ukiacha itarudi ilikokuwa." Fundi alisema haachi. Kutoka kibandani kwake mpaka kwa mama mkwe ni dakika thelathini na tano kwa mwendo wa kukaza, na jioni alikuwa akienda huko, anakunywa maji, anasikia kesi moja, kisha anapanda basi kurudi nyumbani. Jumapili alikuwa akitembea na mkewe, ambaye alinunua raba na hakutaka kushindwa tena na mtu wa miaka sitini na nane.

Jioni moja alipanda ngazi, akagonga, hakujibiwa. Akagonga tena. Moyo ulianza kumwenda mbio, na safari hii si kwa sababu ya kutembea. Alikuwa anatafuta ufunguo wa mkewe mfukoni alipokumbuka kuuliza ghorofa ya pili. Huko nako hakukuwa na mtu. Kijana aliyekuwa akipiga deki chini alimwambia wamama wote wawili wametoka kitambo, wamekwenda upande wa shule.

Aliwakuta darajani wanakuja. Mama mkwe alikuwa akitupa mikono mbele na nyuma, na jirani yake, mnene kidogo, anahema pembeni huku akisikiliza kwa makini.

"Shikamoo, mama. Nimegonga kwako nikaingiwa na wasiwasi."

"Marahaba, mwanangu. Hatusimami, mwenzangu ndiyo kwanza amepata joto." Wakampita. "Tuko kwenye ile kesi ya kuku," aliongeza, akiwa ameshatangulia.

Fundi aligeuka, akaharakisha hatua chache mpaka akawafikia, akashika upande wa barabara ili magari yasiwakaribie.

"Ikawaje?" jirani alikuwa akiuliza.

"Subiri," mama mkwe alisema. "Shahidi bado hajaitwa."